Mpaka Uliopandwa kwa Chai

Ni saa mbili asubuhi ya Jumamosi, na umande bado unadondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Gamaliel Mujuni ameketi juu ya gogo katikati ya kibanja chake. Hakuketi kwa kupenda. Miguu imemgomea tangu Alhamisi. Mkononi ana muhoro, lile panga fupi lenye pua iliyopinda ambalo halikosekani katika nyumba ya Mhaya, na ncha yake anaielekeza kwenye shina la mgomba lililozungukwa na machipukizi ya kila kimo.

"Kokubanza, hapa unaacha wangapi?"

"Watatu, Tata. Mama, mtoto na mjukuu."

"Na hao wengine?"

"Wanakula bure. Nawatoa."

"Nani anatoa mtoto wa mgomba kwa kuvuta?"

"Mvivu!" anadakia Rozi, wa miaka kumi, na mdogo wao Mutalemwa, wa miaka sita, anacheka mpaka anakaa chini.

Kokubanza ana miaka kumi na tatu. Anapokea muhoro, anafukua kidogo kando ya shina, kisha anakata chini kabisa, karibu na mzizi. Baba yake anautazama mkono, si panga. Binti akikosea, yeye hugonga gogo kwa kidole. Leo hagongi.

Hilo ndilo darasa. Lilianza Januari mwaka jana, 1990, wiki mbili baada ya mama yao, Klaudia, kuzikwa nyuma ya nyumba. Gamaliel alikwenda kwa mwalimu mkuu, akavua kofia, akasema anawaondoa mabinti wake shuleni kwa mwaka mmoja ili awafundishe mwenyewe.

"Mwalimu aliniuliza kama nina wazimu," anasimulia. "Nikamwambia, Mwalimu, wazimu sina. Nina Juliana."

Juliana ni jina ambalo watu wa Bukoba waliupa ugonjwa huu mapema, kabla redio haijawafundisha kusema ukimwi. Lilitokana na mashati ya mtindo yaliyokuja kwa magendo kutoka Uganda. Waliovaa Juliana, watu walisema, Juliana nayo iliwavaa. Gamaliel hakuwahi kuwa na shati hilo. Aliupata wapi ugonjwa, hasemi, na hakuna aliyemuuliza mbele ya uso wake.

Ana miaka arobaini na mmoja. Kwa miaka tisa alikuwa kibarua wa migomba na kahawa katika kituo cha utafiti cha Maruku, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka nyumbani. Alilipwa shilingi mia moja kwa siku, na siku ya mvua kubwa hakulipwa kitu. Aliacha mwenyewe alipoona toroli tupu linamshinda.

"Kusoma, mwalimu atawafundisha hata nikiwa nimekufa," anasema. "Lakini nani atawaonyesha kibanja kinaanzia wapi na kuishia wapi? Nani atawaambia yupi ni ndugu na yupi anajifanya ndugu? Shule ingesubiri. Mimi singesubiri."

Serikali ya kijiji ilimtoza faini ya beberu mmoja kwa kuwatoa watoto shuleni. Alimfungua beberu, akampeleka mwenyewe kwa kamba. Njiani kaka yake mkubwa, Kashaija, alimwita kwa sauti akiwa mlangoni kwake: "Shikamoo, Profesa wa migomba!"

Jina likashika. Mpaka leo wapo wanaomsalimia hivyo.

Lakini asubuhi hii darasa ni fupi. Saa nane mchana wazee wa ukoo watakuja hapa kibanjani, na Gamaliel anataka jambo moja tu kutoka kwao. Anataka waseme kwa vinywa vyao, Kashaija akiwepo, kwamba kibanja hiki ni chake na baada yake ni cha watoto hawa.

"Nikifa kabla hawajasema," anasema, huku akimfuta Mutalemwa udongo mdomoni, "hawa watatoka hapa na sufuria kichwani."

*

Miezi sita ya kwanza ya darasa hawakwenda mbali. Asubuhi walifanya kazi, mchana wakasoma. Ubao ulikuwa mlango wa jiko, chaki ilikuwa kipande cha muhogo mkavu. Hesabu walizifanya kwa mibuni, ambayo ni mia mbili na kumi na miwili, na Rozi alikuwa akizunguka kila mmoja akiupiga kofi ili asiuhesabu mara mbili. Walikwenda rweya, kwenye mbuga ya nyasi nje ya migomba, wakakata majani ya kufunika udongo, wakayabeba kichwani. Baba alikuwa nyuma yao, akipumzika kila baada ya hatua mia.

Julai, kahawa ya kwanza ilipouzwa, walifunga safari. Walikuwa na mablanketi mawili, sufuria moja, kapu la ndizi na daftari la Kokubanza. Katika daftari hilo, kila nyumba waliyoingia, msichana aliandika jina la mwenye nyumba, anahusianaje nao, na jinsi alivyowapokea. Gamaliel hakumruhusu kupamba.

Walianzia Hamugembe, mjini Bukoba, kwa Bernadeta, dada yake Gamaliel aliyeolewa na Mkatoliki. Nyumba yake ni vyumba viwili na migomba kumi na minne nyuma. Aliwapa chumba kimoja, yeye na wanawe wakalala kingine. Jirani yake ni seremala. Zamani alitengeneza vitanda na makabati. Sasa anatengeneza majeneza, na hana nafasi hata ya kurekebisha mlango wa Bernadeta, ambao umelala upande tangu mwaka juzi.

Gamaliel aliwapeleka watoto kwa seremala wajifunze kupima. Seremala akampa Rozi futi kamba.

"Fundi, hili umekosea," Rozi alisema baada ya kupima. "Ni fupi. Sentimita tisini tu."

"Sijakosea, mwanangu," seremala akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye randa. "Mwenyewe ndivyo alivyokuwa."

Bernadeta alisikia kutoka uani. "Gamaliel, waitu, watoto unawafundisha nini sasa?"

"Kupima."

"Bojo, kapime ukuta basi!"

Kutoka Hamugembe walikwenda Rubya, wilayani Muleba, kwa ndugu za marehemu Klaudia. Gamaliel alitaka watoto wajue upande wa mama yao, ili siku moja wakibisha hodi wasiulizwe ninyi ni akina nani. Mjomba wao aliwapokea uani. Nyasi mpya zilikuwa zimetandikwa sebuleni, zinanukia, lakini hawakuambiwa waingie. Walipikiwa ndizi na maharage, chakula kingi, hawakunyimwa. Walipomaliza, mke wa mjomba akasema, kwa upole kabisa, kwamba sahani wanaweza kwenda nazo.

Kokubanza alidhani ni zawadi. Alishukuru kwa kupiga magoti, kama msichana wa Kihaya aliyelelewa vizuri.

"Tulifika njia panda ndipo nikamwambia maana yake," Gamaliel anasema. "Sikutaka kumwambia. Lakini ndilo somo lililotupeleka kule. Nikamwambia, fungua daftari, andika."

Aliandika nini?

Kokubanza anajibu mwenyewe: "Niliandika, 'Mjomba. Sahani nne.'"

Sahani wanazo bado. Ni za bati, zina maua mekundu ukingoni. Wanazitumia kila siku, maana, kama anavyosema Gamaliel, sahani haina kosa.

Nyumba ya tatu haikuwa ya ndugu kabisa. Walivuka kwa mtumbwi wa injini hadi kisiwa kimoja cha Muleba, kwa Magesa, mvuvi kutoka Mara. Mwaka 1979, wakati wa vita, Magesa na Gamaliel walikuwa mgambo kikosi kimoja, wakibeba masanduku ya risasi kuingia Uganda, mmoja mbele mwingine nyuma. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na moja. Magesa alimtazama Gamaliel akishuka mtumbwini, akatazama mikono yake iliyobaki mifupa, akaelewa. Alimbeba mgongoni kutoka majini hadi kwenye kibanda chake cha nyasi na maturubai.

Jioni ile ya kwanza Magesa alileta pombe. Gamaliel akakataa, akisema ameokoka tangu mwaka 1980.

"Mhaya anayekataa pombe ya ndizi!" Magesa akapiga mapaja. "Kesho nitavua samaki anayekataa maji."

Walikaa kisiwani hadi mwishoni mwa Novemba. Watoto walijifunza kuanika dagaa mchangani na kuwageuza kabla jua halijawakausha upande mmoja. Mutalemwa alijifunza kuogelea, na matusi manne ya Kijita. Katika daftari, ukurasa wa Magesa ndio mrefu kuliko yote.

Walirudi nyumbani Desemba, senene wakianguka, watoto wa kijiji wakikimbizana na mifuko. Gamaliel hakuhitaji kufika mlangoni kujua kwamba alikuwa amekosea kuondoka.

Miramura ilikuwa imeng'olewa.

*

Mramura ni mti mwembamba, wenye majani marefu kama panga, ambao Wahaya hupanda kuonyesha mpaka. Mgomba hufa, mtu hufa, nyumba huanguka, mramura hubaki umesimama. Kati ya kibanja cha Gamaliel na cha kaka yake Kashaija ilikuwepo kumi na saba. Desemba ile ilikuwa imebaki mitatu, ile iliyo karibu na njia ambako kila mpita njia angeona. Mahali pa ile kumi na minne paliota maharage, safi, yamepaliliwa vizuri.

Kokubanza aliingia katikati ya maharage na fimbo kumi na nne, akazichomeka moja moja. Alijua kila shimo. Baba yake alikuwa amemtembeza kwenye mstari ule miezi sita, mara nyingine msichana amefumba macho, akihesabu hatua.

"Mtoto ananipimia shamba!" Kashaija alipiga kelele. "Na wa kike! Mwambie huyo profesa wako kwamba kibanja cha baba hakijawahi kugawanywa. Tunakikaa wote. Yeye akitangulia, mimi mkubwa ndiye ninayebaki. Wewe utaolewa, na huyo mdogo nitamlea."

"Baba mkubwa," Kokubanza akamjibu, "tulipokuwa na njaa mwezi wa tatu ulikuwa wapi kutulea?"

Alipigwa kofi. Fimbo ziling'olewa.

Gamaliel akaenda kwa mkuu wa ukoo, Ta Rugambwa, mzee wa miaka sabini na sita. Alifika akiamini kwamba kesi ni nyepesi kama unyoya. Kibanja kiligawanywa na baba yao mwenyewe mwaka 1980, mbele ya watu watano. Nani hajui?

Ta Rugambwa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Siku ile mlikunywa nini?"

Hapo ndipo Gamaliel alipolikumbuka kosa lake.

Katika ukoo wao, ndugu wanapogawana ardhi, miramura hupandwa, halafu ndugu hao hunywa rubisi, pombe ya ndizi, kutoka kibuyu kimoja na kwa mrija mmoja, mashahidi wakitazama. Lakini mwaka ule wa 1980 Gamaliel alikuwa ametoka vitani, ameokoka, ana moto. Alikuwa amekata migomba yake yote ya mbire, ile ya pombe, akaiacha ioze palepale ili watu waone. Siku ya mpaka alikataa kibuyu. Baba yao, ambaye hakutaka ugomvi, akaamuru ichemshwe chai. Wakanywa chai ya maziwa, wazee watano, Kashaija akicheka kuliko wote na kuomba sukari zaidi.

"Watatu kati ya wale watano wamekufa," anasema Gamaliel. "Wawili waliobaki wanakumbuka chai. Mpaka hawaukumbuki."

Ta Rugambwa hakumdhihaki. Alimwambia tu: "Chai hunywa hata mpita njia, mwanangu. Wewe uliupanda mpaka mkavu. Leta kibuyu. Mnywe wote wawili mbele yetu, na mimi nitasema neno ambalo hakuna atakayelipindua hata ukiwa chini ya udongo."

Kwa mtu mwingine, hiyo ingekuwa hukumu ya furaha. Gamaliel alikaa nayo wiki tatu.

Miongoni mwa wenzake wa ushirika, waliookoka pamoja naye, anayerudi kwenye pombe hutengwa. Hasimami kushuhudia. Hagusi meza ya Bwana. Huketi benchi la nyuma mpaka atakaporejeshwa, na kurejeshwa huchukua miezi. Gamaliel hana uhakika wa miezi. Na anayekufa akiwa ametengwa huzikwa na ndugu zake peke yao. Kengele haigongwi, wala nyimbo haziimbwi.

"Mke wangu aliimbiwa," anasema.

Wiki ya nne aliamua. Kwa kuwa hakuwa na hata mgomba mmoja wa mbire, ilimbidi anunue ndizi. Jirani pekee aliyekuwa na mikungu iliyokomaa alikuwa Kashaija.

Kashaija alimuuzia mikungu sita. Alichagua mizuri, akaibeba mwenyewe hadi kwenye shimo la kuivishia. "Karibu tena duniani, mdogo wangu," alisema.

Ndizi zilikaa shimoni siku nne. Alhamisi zilimenywa, zikamwagwa kwenye mtumbwi wa mti wa kutengenezea pombe, zikachanganywa na nyasi, na Gamaliel akaingia kuzikanyaga kwa miguu. Kukanyaga ni kazi ya mwanamume. Mutalemwa ni mdogo, na jirani aliyeombwa alisema ana msiba, jambo ambalo siku hizi si uongo kwa mtu yeyote. Gamaliel alikanyaga kwa saa mbili, akishikilia kamba aliyofunga kwenye boriti, akapumzika mara tisa. Kokubanza alichuja maji yake, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akafunika kwa majani ya mgomba. Tangu jioni ile Gamaliel hajaweza kutembea bila kushikwa.

*

Saa nane wazee wanafika, sita, kila mmoja na fimbo yake. Rozi anapiga magoti na kuwasalimu mmoja mmoja. Wanaketi kwenye nyasi zilizotandikwa chini ya migomba, karibu na mahali palipokuwa na mramura wa tisa. Mtungi unaletwa. Mmoja ananusa na kuinua nyusi.

"Aliyekanyaga hii hajasahau kazi."

"Miaka kumi na moja ameificha kwenye nyayo," anasema mwingine, na wanacheka.

Kashaija anachelewa. Anapokuja amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo hadi shingoni, nywele zimechanwa, hana ile kofia yake ya kila siku. Anasalimu kwa sauti ya chini, anaketi mwisho.

Ta Rugambwa anachota rubisi kwenye kibuyu, anatia mrija, anavuta kidogo kuonyesha kwamba haina ubaya. Anampa Gamaliel.

Gamaliel anakishika kibuyu kwa mikono miwili. Anavuta. Anakohoa, machozi yanamtoka.

"Amesahau njia, mwelekezeni!" mzee mmoja anatania.

Anavuta mara ya pili, kama inavyotakiwa, kisha anaupeleka mrija kwa kaka yake.

Kashaija ameweka mikono nyuma.

"Shika, Kashaija," anasema Ta Rugambwa.

"Asante, Ta. Siku hizi situmii."

"Hutumii nini? Kibuyu au mrija?"

"Pombe. Nimeokoka."

Kicheko kinalipuka, wazee wanashika mbavu, mmoja anaangusha fimbo.

"Umeokoka lini?"

"Jumatano."

"Jumatano!" anadakia mzee mmoja. "Mimi nilikurudisha nyumbani kwa toroli, unaimba!"

"Hiyo ilikuwa Jumanne, Ta. Ndiyo maana Jumatano nikaokoka."

"Na shahidi wako nani?"

"Niliomba peke yangu, kitandani. Shahidi ni Mungu."

"Huyo hatuna wa kumtuma kumwita," anasema Ta Rugambwa, na sasa hacheki tena. Wengine nao wanaacha, mmoja mmoja, kadiri wanavyoelewa walichokuwa wakikichekea. Mtu akisema ameokoka, nani atamlazimisha kunywa? Na asipokunywa, mpaka haujafungwa.

Gamaliel bado ameunyoosha mkono wenye kibuyu. Kokubanza ndiye anayekwenda kukitoa mikononi mwake.

"Kaka," anasema Gamaliel. "Ndizi uliniuzia mwenyewe."

"Niliuza ndizi. Pombe umetengeneza wewe."

Ta Rugambwa anajaribu. Anamwambia Kashaija aseme basi kwa mdomo mtupu kama mstari huu ni mpaka au si mpaka. Kashaija anajibu kwamba mtu aliyeokoka haapi, na kwamba analiacha jambo hili mikononi mwa Bwana. Wazee wanatazamana. Wanakunywa kidogo, kwa heshima ya aliyekanyaga, wanaacha zaidi ya nusu ya mtungi, wanasimama. Neno halikusemwa.

Akiondoka, Kashaija anamwinamia mdogo wake. "Nitakuombea," anamwambia.

Haijafika saa kumi, mwinjilisti wa ushirika wao anafika kwa baiskeli. Habari imekwishamfikia. Haingii ndani ya uzio. Anasimama njiani, anashika usukani kwa mikono yote miwili, anaongea kwa huzuni ya kweli.

"Ndugu Gamaliel, unajua utaratibu."

"Naujua. Benchi la nyuma."

"Nisamehe."

"Wewe hujanikosea."

Baiskeli inapoishilia kwenye kona, Kokubanza anauliza swali ambalo wote wamekuwa nalo. "Tata, baba mkubwa ameokoka kweli?"

Gamaliel anaomba maji, anasukutua kinywa, anatema.

"Hilo ndilo nataka nimsaidie kulijua," anasema.

Anaeleza polepole, kwa pumzi fupi. Katika ushirika wao hakuna anayeokoka kitandani kwake na kunyamaza. Jumapili atasimama mbele ya watu wote, atataja dhambi zake kwa majina, na alichochukua cha mtu atakirudisha. Gamaliel mwenyewe, mwaka 1980, alirudisha blanketi alilotoka nalo vitani. Alilipeleka kwa miguu hadi mpakani, akamkabidhi padri mmoja, kwa sababu mwenye nyumba alikolichukua hakumjua.

"Kwa hiyo kesho nitakwenda. Watoto watanishika, huyu huku, huyu huku. Nitakaa nyuma kabisa, mlangoni, kwa waliotengwa. Mimi siruhusiwi kusema, lakini kusikia sijakatazwa. Mwinjilisti atauliza kama kuna aliyeokoka wiki hii. Kashaija akisimama, aanze na miramura kumi na minne. Mbele ya kanisa zima, hiyo inatosha kuliko kibuyu."

Na asiposimama?

"Basi hajaokoka, na asiyeokoka hana sababu ya kukataa kibuyu. Ta Rugambwa aliniambia akiondoka, Jumatatu atapita tena na wazee wake, na mrija ule ule."

Anamgeukia binti yake, anamwonyesha mtungi kwa kidevu.

"Ufunike vizuri, weka majani mapya. Rubisi inanyweka mpaka Jumanne. Ikipita hapo inachacha, na mimi kukanyaga nyingine sina tena miguu."